Kitambaa cha Siku Saba

Maiti ilikuwa imelala chali ndani ya chumba namba nne cha tanuri, na matofali kama ishirini hivi yamerundikana kifuani na usoni. Moto wa chumba hicho ulikuwa umezimwa siku mbili zilizopita, lakini kuta bado zilihema. Inspekta alisimama mlangoni, na kabla hajauliza swali la kwanza shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Nani huyu?"

"Wanamwita Kobe, afande," alisema koplo wake. "Mpakuaji wa matofali. Miaka kumi na saba hapa kiwandani. Wanasema matofali yamemwangukia."

Inspekta aliinua macho. Rundo la matofali lililobaki lilisimama wima kando ya ukuta, limenyooka kama limepigwa rula.

"Yameanguka kutoka wapi?"

Koplo naye alitazama juu.

Kwenye vumbi la sakafu kulikuwa na mistari miwili iliyotoka karibu na mlango hadi kwenye visigino vya maiti. Mtu alikuwa ameburutwa. Pembeni zilikuwapo glavu mbili za ngozi zenye herufi moja iliyochorwa kwa wino. Kwenye paji la uso kulikuwa na jeraha, lakini damu yake haikuzidi tone la chai mezani.

Kufika jioni ya siku hiyo, Jumatano, mtuhumiwa alikuwa mahabusu.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, na kiwanda kizima kilimwita Mkwe, kwa kuwa alimwoa binti wa nyapara, msimamizi wa tanuri. Glavu zilikuwa zake. Ubao wa zamu ulisema chumba namba nne ni chake siku hiyo. Tena, Jumanne mchana, mbele ya watu thelathini, Kobe alimzaba kofi, naye akaapa, "Nitakuzika humo humo tanurini, mzee."

"Kesi imejipika yenyewe," alisema mkuu wa kituo. "Ijumaa saa tatu asubuhi afikishwe mahakamani. Kosa ni kuua kwa kukusudia. Unataka nini zaidi?"

Inspekta hakujua anataka nini zaidi. Alijua tu kwamba hakulala. Alikuwa amerudi kazini Jumatatu, baada ya wiki tatu za kumzika kaka yake na kugawa nguo zake, na tangu siku hiyo hakuwa anakaa kwenye kiti mpaka kikapata joto. Alisimama, akakaa, akafungua dirisha, akalifunga. Alfajiri ya Alhamisi alikuwa mlangoni pa mahabusu.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Nilishasema, afande. Kwenye stoo ya magunia. Nilijilalia."

"Saa za kazi?"

"Tumbo lilikuwa linaniendesha. Na homa. Siku ya pili hiyo."

"Nani alikuruhusu?"

Kijana alitazama chini. "Hakuna. Nilijilalia tu."

"Nyapara, baba mkwe wako, hakujua?"

"Hakuna aliyejua."

"Mwanangu, mficha uchi hazai. Una mke mjamzito nyumbani. Kesho unasomewa shtaka la mauaji, na unaniambia habari za magunia?"

"Nimeshasema, afande."

Inspekta alimwangalia. Midomo ya kijana ilikuwa imekauka na kupasuka, na macho yameingia ndani. Ugonjwa haukuwa wa kuigiza. Na ule ubishi haukuwa wa mtu anayejificha. Ulikuwa wa mtu anayemficha mwingine.

Kiwandani Inspekta alianzia kwa Nyapara. Alikuwa mzee mpana, sauti yake nzito, kalamu imekaa juu ya sikio.

"Kobe alikuwa na kazi gani jana?"

"Kivulini. Kuchagua matofali mabovu. Alikuwa na kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Utaratibu wetu, afande. Anayeanza kazi, au anayerudi baada ya kukaa nyumbani, namfunga kitambaa cheupe mkononi siku saba. Mwenye kitambaa haingii tanurini. Kobe alirudi Jumatatu. Alikuwa nyumbani siku arobaini, kumuuguza mama yake mpaka akamzika."

Jumatatu. Inspekta alijikuna kifundo cha mkono bila kujua. "Maiti haikuwa na kitambaa."

"Basi aliyemuua alikivua."

"Na mkwe wako? Alikuwa chumba namba nne?"

Nyapara aliigusa kalamu sikioni. "Ubao unasema hivyo."

"Sikuuliza ubao."

"Mimi nilikuwa upande wa udongo, afande. Sikumwona mtu."

Daktari aliyeichunguza maiti alipiga simu saa nne. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Lile jeraha la kichwani halikumuua. Tofali lilimkuta moyo umeshasimama. Ubongo umevimba, misuli imeharibika. Joto la mwili siwezi kulitumia, maana alilala kwenye joto. Lakini ukiniuliza mimi, mtu huyu aliiva kutoka ndani."

"Ana miaka kumi na saba kwenye joto hilo."

"Ndiyo maana nimesema ukiniuliza mimi. Sina uhakika. Na kesho mahakamani nitaulizwa kama nina uhakika."

Inspekta alizunguka uani. Karibu na lango la tanuri yalipangwa mapipa sita ya maji, na mwanamke mnene mwenye kata mkononi aliyasimamia kama jeshi lake. Walimwita Mama Mapipa.

"Mama, mtu aliyezoea joto miaka yote anaweza kufa kwa joto?"

"Nani kakwambia mwili una kumbukumbu ya miaka?" alisema. "Mwili ni mwanafunzi mvivu. Ukimfunza wiki mbili anajua. Akikaa nyumbani mwezi anasahau yote, anaanza la kwanza. Kobe mwenyewe ndiye alikuwa anawaambia vijana hivyo. Wanamcheka. Yule Mkwe akamwambia Jumanne kafungwa bendeji ya kitovu kama mtoto mchanga. Ndiyo akala kofi."

"Na tofauti unaionaje, kati ya aliyezoea na ambaye hajazoea?"

"Ingia uone. Pakua matofali robo saa tu. Una mwili wa ofisini, utanifaa."

Koplo alicheka, kisha akaona bosi wake anavua koti.

Ndani ya chumba namba tano, matofali kumi ya kwanza yalikuwa mchezo. Kwenye la ishirini moyo ulianza kupiga masikioni. Jasho lilikuwa bado halijaja sawasawa. Ngozi ilichomeka tu, kavu, kama iliyosahau kazi yake. Kisha lilikuja kwa pamoja, zito, likamwingia machoni na kuwasha kama pilipili. Aliokota tofali akasahau analipeleka wapi. Alitaka kumuuliza kaka yake. Alifungua mdomo kumwita, na hapo akashtuka, akatoka nje akipepesuka.

Mama Mapipa alikuwa tayari, akamvua shati kwanza. Kata ya kwanza ilimpiga kichwani, ya pili kifuani, ya tatu shingoni. "Kaa. Kaa chini, baba. Usijifanye mwanaume sasa hivi."

Alikaa mpaka dunia ikatulia. Shati lake, alilolitandaza juani, lilikauka upesi. Alipolichukua lilikuwa na michirizi myeupe kwapani na mgongoni, imepindapinda kama mipaka kwenye ramani.

"Chumvi," alisema Mama Mapipa. "Jasho la mgeni lina chumvi nyingi, mwili haujajua kuibana. Sasa tazama kule."

Kwenye kamba ya nguo yalianikwa mashati ya wapakuaji wa zamu ya asubuhi. Yalikuwa na vumbi jekundu. Weupe ulikuwa kidogo sana, wa kutafuta.

Inspekta alisimama ghafla mpaka kichwa kikamzunguka. "Koplo. Shati la Kobe. Kwenye ripoti tuliandika nini?"

Koplo alipekua daftari. "Shati la kazi, limechafuka chokaa, afande."

"Umeona chokaa kiwanda hiki?"

Koplo alitazama huku na huku. Udongo mwekundu, matofali mekundu, vumbi jekundu. "Hapana."

"Lete hilo shati."

Saa nane mchana Nyapara aliitwa kwenye ofisi yake mwenyewe, chumba kidogo chenye feni iliyolia bila kupuliza. Shati la Kobe lilitandazwa mezani, jekundu, na ramani kubwa nyeupe mgongo mzima. Koplo alimsomea onyo: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na laweza kutumika kama ushahidi.

"Ulisema Kobe alikuwa kivulini siku nzima," alianza Inspekta.

"Ndiyo."

"Kivuli hakikamui mtu namna hii. Hii ni kazi ya saa mbili, tatu, ndani. Na ni jasho la mtu ambaye mwili wake ulikuwa umesahau joto. Kobe alikuwa anapakua. Alipakua chumba namba nne, kwa glavu za mkweo."

Nyapara alilitazama shati. Hakuligusa.

"Nani anafunga kitambaa hapa?"

"Mimi."

"Na nani anafungua?"

Feni ililia.

"Nimewauliza watu kumi na mmoja," alisema Inspekta. "Wote wamesema neno moja. Anayefunga ndiye anayefungua. Hata mwenye kiwanda haruhusiwi kukigusa. Kwa hiyo sikuulizi nani alikivua. Nakuuliza kwa nini."

"Afande, mimi na Kobe tulianza kazi siku moja."

"Najua. Sasa nikwambie na usilolijua. Yule kijana yuko mahabusu, anaharisha kwenye ndoo. Nimemuuliza mara nne nani alimruhusu kulala stoo. Hajakutaja. Kesho saa tatu atasomewa mauaji, na bado hajakutaja hata mara moja."

Kalamu ilimponyoka Nyapara sikioni. Aliifuata kwa macho ilivyobingirika sakafuni, na alipoinua uso, alikuwa mzee kuliko dakika moja iliyopita.

"Nilimwambia akalale," alisema. "Asubuhi nilimwona, macho yameingia ndani. Mtu anayeharisha akiingia mule hatoki. Hana maji ya kutoa jasho. Binti yangu ana mimba ya miezi saba. Ningemwambia nini mwanangu?"

"Ungeacha chumba bila mtu."

"Malori yalikuwa yameshapangwa foleni getini, na wapakuaji wengine wote walikuwa kwenye vyumba vyao. Nikamtazama Kobe. Nikamwambia, ndugu yangu, wewe joto linakujua, nisaidie leo tu. Akasema, kitambaa je? Nikasema, hicho ni cha watoto." Aligeuza kiganja juu. "Alininyooshea mkono. Nikakifungua."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta alimpa ishara aendelee.

"Ukamkuta saa ngapi?"

"Saa saba hivi. Alikuwa anazunguka na tofali moja mkononi. Anaongea na marehemu mama yake, anamwuliza kama amekula. Nilimgusa, ngozi ya moto kama pasi. Nikamkalisha karibu na mlango."

"Kutoka mlango ule hadi kwenye mapipa ni hatua ngapi?"

"Arobaini." Alijibu upesi, kama mtu aliyezihesabu mara nyingi tangu jana. "Najua la kufanya, afande. Nimewafundisha mimi mwenyewe. Unamtoa, unammwagia maji, unapepea, unaita msaada. Wamepona wengi. Lakini nje walikuwapo watu. Wangeona mkono hauna kitambaa. Nikasema, kwanza nikachukue kitambaa nimfunge, ionekane aliingia kwa ubishi wake. Nikakimbilia hapa ofisini. Sikukumbuka nimekiweka mfuko gani. Nikatafuta. Nikapekua droo. Kilikuwa kwenye koti, mlangoni pale."

"Uliporudi?"

"Alikuwa ameshalala. Nilimwita jina lake, lile la kwao. Hakuitika." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nikaona kumfunga maiti kitambaa ni laana. Nikamburuta hadi chini ya rundo, nikampanga matofali. Nilidhani mtasema ajali. Glavu nilizisahau. Nilimpa mimi zile za mkwe wangu, maana zake alikuwa ameziacha nyumbani."

"Na walipomkamata mkweo?"

"Nilidhani mtamwachia. Kila saa nilisema, saa ijayo nitakwenda kusema." Alitikisa kichwa. "Nilikwenda kutafuta kitambaa, afande. Maji yalikuwa karibu zaidi."

Alitia mkono mfukoni, akatoa kipande cha shuka jeupe, upana wa vidole viwili, kimekunjwakunjwa mpaka kimekuwa kama kokwa. Akakiweka juu ya shati.

Inspekta alikitazama. Alijua anapaswa kumwambia mzee kwamba amekamatwa. Alichosema ni, "Koplo, kielelezo namba tatu."

Saa kumi na moja jioni Mkwe alitolewa mahabusu. Alisimama kaunta akitia mkanda kwenye suruali, chupa ya maji ya chumvi na sukari chini ya kwapa. Hakuwa ameambiwa kitu bado. Inspekta alikuwa anatafuta namna ya kumwambia, akikaa, akisimama, wakati mlango wa nje ulipofunguliwa na koplo akaingia na Nyapara, pingu mikononi.

Kijana alitazama pingu. Kisha akamtazama mzee usoni, na ilionekana wazi kwamba hakuhitaji kuambiwa. Akainamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya kila asubuhi langoni.

"Shikamoo, baba."

Watu wote kwenye kaunta walingoja. Nyapara alifungua mdomo, akaufunga. Kuitikia neno moja tu, neno aliloliitikia maisha yake yote, kulimshinda. Alipita na koplo kuelekea ndani, na kijana akabaki ameinamisha kichwa, akiisubiri marahaba yake.