Kigari Kilichovuta Kushoto

Mwenye mabeseni alipiga kelele kabla hata beseni la kwanza halijaanguka, maana alikuwa amekiona kigari kikija. Ni kile kigari cha porini cha viti viwili, kisicho na milango wala vioo, vyuma vitupu juu na matairi makubwa yenye meno. Dereva wake, dada mwenye ovaroli ya kijani, gambuti na kitambaa cha njano kichwani, alikuwa aking'ang'ana na usukani kwa mikono miwili. Yeye alitaka kwenda mbele. Kigari kilitaka kushoto, na kushoto ndiko yalikopangwa mabeseni.

Yakamwagika yote, mekundu, ya bluu, ya waridi. Pikipiki zikapiga honi, wapita njia wakacheka bila haya.

"We dada, macho huna?" mwenye mabeseni alifoka.

"Macho ninayo, mama. Usukani ndio sina. Nisamehe, nitaokota yote."

Kulikuwa na mwanamume pale aliyekuja kununua beseni, na moja lilikuwa limebaki mkononi mwake. Shati lake jeupe lilipigwa pasi likanyooka, lakini kucha zake zilikuwa na weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni yoyote. Badala ya kusaidia kuokota, alichuchumaa mbele ya kigari akayakodolea macho magurudumu.

"Uliachia usukani?" aliuliza.

"Niuachie? Nimeushika mpaka viganja vinawaka moto!"

"Basi tatizo si wewe."

Dada yule akasimama na beseni kifuani. Alikuwa daktari wa mifugo, kazi yake kupanda vilima kuwafuata ng'ombe wa watu, na mafundi wote aliowahi kuwapelekea kigari hicho walimwambia hajui kuendesha. Huyu alikuwa wa kwanza kumwambia tatizo si yeye. Akajikuta anatabasamu kama mtoto aliyesifiwa.

Mwanamume yule alikuwa fundi, na gereji yake haikuwa mbali; mabeseni yalipookotwa, wakakipeleka kigari huko. Watu walimwita Nyuzi, na Daktari akaelewa sababu mchana uleule. Alianza kwa kupima upepo wa matairi, akasawazisha. Akainua kigari kwa jeki, akashika gurudumu la kushoto kwa pembeni na kulitikisa. Likacheza, tok, tok.

"Umesikia? Hii ni tairodi, chuma kinachopeleka amri ya usukani kwenye gurudumu. Kichwa chake kimelika. Wewe unasema mbele, gurudumu linasikia linavyotaka."

"Kama kaka yangu mdogo."

Nyuzi akacheka. Alipofunga tairodi mpya, alivuta uzi kila upande, kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, akapima kwa futi, akakaza, akapima tena. Polepole magurudumu ya mbele, yaliyokuwa yametazama nje kama miguu ya bata, yakarudi kutazama njia moja. Daktari alikaa juu ya tairi kuukuu akimtazama. Hakujua kwa nini, lakini ndipo alipomsimulia habari za fundi wa zamani, mtu aliyekuwa akilegeza nati makusudi ili yeye arudi.

"Alitaka pesa?"

"Alinitaka mimi. Nilipojua, nilijiona mjinga mbele ya mji mzima. Nyuzi, sitaki kufanywa mjinga tena."

"Haitatokea kwangu," Nyuzi alijibu, na alimaanisha.

Wakatoka kujaribu. Daktari aliendesha, Nyuzi kando yake kwenye kiti cha kulia, maana usukani wa kigari hicho ulikuwa kushoto, na kwenye barabara ndefu ya vumbi nyuma ya maghala Nyuzi akamwambia aachie usukani. Kigari kikaenda moja kwa moja bila kuyumba. Daktari alipiga kelele ya furaha. Kitambaa chake cha njano kilifunguka kwa upepo kikampiga Nyuzi usoni, naye hakufanya haraka kukitoa.

Mapenzi yalianzia hapo. Simu zikawa haziishi.

"Daktari wangu, umekula?"

"Nina mkono mzima ndani ya ng'ombe, mpenzi. Nikupigie baadaye?"

"Huyo ng'ombe ana bahati."

"Nyamaza, utanichekesha, atanipiga teke!"

Tatizo ni kwamba kigari kilianza tena. Si sana kama mwanzo. Kilikuwa kikimnyemelea kushoto kidogo kidogo akiwa njiani peke yake. Akakirudisha. Nyuzi akakagua tairodi, boljointi, beringi, bushi, kila kiungo cha magurudumu, akavuta nyuzi zake, kisha akapanda naye kujaribu. Kikaenda bila kuvuta. Kesho yake, mlimani, kikavuta. Akakirudisha tena, na Nyuzi alipokaa tu kitini, kikanyooka.

Kisha ikaja asubuhi ya njia ya bonde. Daktari aligeuza shingo kutazama ndama mmoja, na aliporudisha macho, gurudumu la kushoto lilikuwa linaning'inia ukingoni. Alishuka, akampigia Nyuzi.

"Kimevuta tena. Nusura niingie bondeni."

"Uko salama? Umeumia?" Aliposikia ni mzima, Nyuzi alishusha pumzi, na kwa kuona anamtuliza, akafanya utani. "Kigari hicho kimenizoea, kipenzi. Hakitaki kutembea bila mimi."

Damu ilimpanda Daktari hadi masikioni.

"Kumbe. Hata wewe."

"Hata mimi nini?"

"Unakiharibu ili nirudi. Nilikuambia siku ya kwanza, nikakuonyesha kabisa pa kunichezea!"

"Daktari, nisikilize, huo ulikuwa utani tu..."

Akakata. Simu ikaita tena na tena mfukoni mwa ovaroli, naye akaiacha iite.

Siku zilizofuata alikiendesha kigari hivyohivyo, akiurudisha usukani kulia kila baada ya hatua chache. Usiku mabega yalimuuma. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alimkumbuka mno Nyuzi: kicheko chake, maswali yake ya umekula. Alimkasirikia, akajikasirikia kwa kumkumbuka. Kwenda kwa fundi mwingine hakutaka, na kwa nini hakutaka hakujiuliza.

Jumamosi mama yake akaomba lifti hadi kwa dada yake, upande wa pili wa kilima. Mama alikuwa mtu wa mwili, mwenye kanga mbili na kikapu. Akajipakia kwenye kiti cha kulia, kigari kikashuka kidogo, wakaondoka. Alisema njia nzima.

"Huyo fundi wako yuko wapi siku hizi?"

"Hatuko pamoja, Mama."

"Ndiyo maana umekonda. Alikukosea nini?"

Daktari alikuwa anaanza kujibu alipogundua jambo. Mabega yake yalikuwa yametulia, usukani hauvuti. Akalegeza vidole, kisha akauachia usukani kabisa.

"We mtoto! Unataka kuniua?"

"Mama, kaa hivyohivyo. Usisogee."

Kigari kilikwenda bila kuvuta mpaka mlangoni kwa mama mdogo. Mama akashuka na kikapu chake, Daktari akageuza, na hata hatua ishirini hazijaisha usukani ukaanza kuvuta kushoto. Akasimamisha katikati ya njia. Akapiga simu.

"Nyuzi. Mama akikaa kitini, hakivuti. Akishuka, kinavuta."

Upande wa pili, Nyuzi aliweka spana chini.

"Nilikuwa nimekaa kando yako," alisema taratibu. "Kila jaribio. Nikitoka pale narudi kurekebisha kwa nilichokiona tukiwa wawili. Kigari chenyewe chepesi, shokapu zake za kubeba uzito laini. Ukiwa peke yako upande wako unainama, magurudumu yanapinda nao. Kosa la fundi mwanafunzi! Ningetakiwa nibaki chini, nikuache uende peke yako."

"Kwa nini hukubaki?"

"Kwa sababu nilitaka kukaa na wewe. Sikukiharibu, Daktari. Nilipumbazika tu."

Daktari aliegemeza paji la uso kwenye usukani. "Nimekuonea," alisema. "Hata nafasi ya kujieleza sikukupa."

"Kilete. Nitakirekebisha vizuri, uwe salama hata usiponitaka."

Alipofika gereji hakukuwa na maneno mengi. Nyuzi alikuwa amekonda pia, shati halikupigwa pasi. Alimwomba akae kwenye usukani, kiti cha pili kikiwa kitupu.

"Tulia hapo, usipumue sana."

"Unanipima uzito kijanja."

"Uzito wako naujua. Nilishakubeba kuvuka tope."

Alivuta nyuzi zake, akalegeza, akakaza, akapima. Kisha akarudi nyuma, akasimama langoni na kumwambia aende. Daktari akaenda peke yake kwenye barabara ya vumbi nyuma ya maghala, akaachia usukani. Kikanyooka kabisa, kiti cha kando kikitikisika kitupu. Sasa hakumhitaji fundi tena. Angeweza kupitiliza hadi nyumbani.

Akageuza, akarudi langoni.

"Kiko sawa?" Nyuzi aliuliza.

"Panda."

Akapanda. Hawakufika mbali, kigari kikaanza kuelekea kulia, upande aliokaa yeye.

"Simama nishuke," Nyuzi alisema. "Mimi ndiye ninayekiharibu."

"Kaa." Daktari alizima injini. Macho yake yalikuwa na machozi, lakini sauti haikutetemeka. "Nakupenda. Kirekebishe kwa watu wawili, ukiache hivyo. Nioe."

Nyuzi akafuta machozi yake mwenyewe kwa mkono wenye grisi, uso ukabaki na mstari mweusi.

"Na siku nitakapokuwa gereji, wewe uko mlimani peke yako? Kitakuvuta."

"Nitaweka gunia la mchanga kitini."

"La kilo zangu?"

"La kilo zako, lisilofanya utani." Akamfuta ule mstari wa grisi kwa ncha ya kitambaa chake cha njano. "Sasa shuka ukalete nyuzi. Mama anataka lifti ya kurudi, na safari hii nataka kumjibu uko wapi."