Mzee Yusufu na Chumvi

Mzee Yusufu wa mtaa wa Ruashi alifanya kazi miaka ishirini kwenye mabirika ya kiwanda cha kusafishia shaba. Humo umeme ukipita majini, shaba safi hujishika kwenye bamba. Basi binti yake Djamila alipojiandaa kwa mtihani wa Serikali, mzee hakutaka mtu mwingine amsomeshe.

Jumamosi Djamila aliuliza, "Baba, namna gani banatoa sodiamu mu chumvi?"

"Sawa na shaba! Tia chumvi mu maji, pitisha courant ya umeme, njo basi."

Akaleta betri ya gari, akachovya nyaya mbili kwenye bakuli la maji ya chumvi. Mapovu yakatoka. Harufu kali ikajaa jikoni, macho yakawasha. Mkewe Kulthumu akakohoa sana.

"Fungula mulango! Unataka kutuua?"

Sodiamu haikuonekana hata chembe.

Jirani yao Gracia, anayepima madini katika maabara ya mgodi, alisikia kelele. Akaingia mbio, akachomoa nyaya, akawatoa wote nje.

"Papa Yusufu, ile gazi ya harufu kali iko klorini. Inachoma mapafu. Musirudilie tena."

"Lakini shaba..."

"Shaba inakubali maji. Sodiamu inakataa. Mu maji, ku waya ya hasi, haidrojeni njo inatoka pa nafasi yake."

"Sasa banafanya namna gani?" Djamila aliuliza.

"Chumvi iko na chembe za aina mbili: sodiamu ya chanya na klorini ya hasi. Chumvi ikiwa ngumu, zinashikana, hazitembei. Ku kiwanda banaiyeyusha na moto mukali, bila maji. Peke yake inayeyuka ku digrii mia nane! Pale chembe zinatembea. Sodiamu inaenda ku hasi, inapokea elektroni, inakuwa metali. Klorini inaenda ku chanya, inaacha elektroni, inakuwa gazi. Banaikamata mu mabomba. Haiko kazi ya jikoni."

Yusufu aliona haya. Kumbe alikuwa karibu kumwangusha mwanawe kwenye mtihani kwa mikono yake mwenyewe! Lakini kuuliza si ujinga. Akaketi mbele ya Djamila.

"Mutoto yangu, nifundishe."

Wiki nzima Djamila alimfundisha, na kwa kumfundisha akaelewa barabara. Swali lenyewe lilitoka kwenye mtihani.

Siku ya matokeo, majirani walimmwagia Djamila poda nyeupe kichwani kwa vigelegele, kama wanavyofanyiwa huko wanaofaulu. Amefaulu! Kulthumu akabakiza kidogo, akaimwaga kwenye upara wa mumewe.

"Na weye umefaulu, Baba Djamila."

Mzee hakuifuta mpaka alipokwenda kutawadha kwa sala ya alasiri.