Kitanda cha Kumi na Mbili

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo. Programu ya kupanga vitanda vya wodi ilionyesha kwamba Jumatano kitanda cha saba kitakuwa wazi, ilhali mgonjwa wake alikuwa hajaruhusiwa. Mtunzi wa programu hiyo, mama wa makamo aliyefanya kazi katika chumba cha kompyuta cha hospitali ile, aliipitia mstari kwa mstari asione kosa. Jumatano asubuhi mgonjwa akafariki.

Wakafuata wengine wawili. Kila mara, chumba kilinuka nywele zilizoungua, na spika isiyounganishwa na chochote ikavuta pumzi.

“Umekosea wapi, dada?” muuguzi mkuu alinong’ona.

“Sijakosea. Hesabu haiui mtu. Ukweli upo tangu na tangu, mimi nimeufunua tu.”

“Basi ufunike.”

Akaifuta programu nzima, akaandika nyingine kwa njia tofauti kabisa. Jibu likaja lilelile ambalo programu ya kwanza ilikuwa imelitoa asubuhi: Alhamisi, kitanda cha kumi na mbili, wazi. Hapo alilala baba yake mzazi. Alisoma mara tatu, moyo ukiwa kama fizi iliyochomwa ganzi.

Mganga aliletwa mchana kweupe. Alisoma dua, akanyunyiza maji, akamwamuru jini atoke. Spika ikajibu taratibu, “Nitoke wapi? Sikuingia. Nilikuwepo kabla ya mashine, kabla ya mtu wa kwanza kuhesabu vidole vyake.”

Mganga akafunga mkoba.

“Jini hurudishwa alikotoka, mama. Huyu hana alikotoka.”

Mama aling’oa nyaya zote, akaifungia mashine stoo, na wauguzi wakarudia kalamu na karatasi, naye akasimama nyuma ya muuguzi mkuu akiutazama mkono wake ukishuka polepole, jina baada ya jina, kitanda baada ya kitanda, mpaka ukafika cha kumi na mbili, ukasita, ukakiruka, ukaendelea na cha kumi na tatu kana kwamba hakuna kilichorukwa.

“Mbona hujamwandika baba?”

Muuguzi aliitazama karatasi. “Sijui, dada. Nimepanga tu, ndivyo ilivyokaa.”

Jioni hiyo, mkesha wa Alhamisi, harufu ya nywele ilikuwa imeshafika wodini. Mama akavuta kiti, akaketi kando ya mzee.

“Mwanangu, kesho nitatoka?”

“Ndiyo, baba,” akasema, akimfunika miguu. “Kesho unatoka.”