Mrija wa Jasusi Etyang

Jasusi Etyang alikuwa amefungwa kwenye nguzo ndani ya ghala la pamba, Busia. Kamba kutoka shingoni hadi vifundoni.

Mlango ulikuwa na komeo. Dirisha halikuwapo. Bastola yake, Webley, ilikuwa mkononi mwa Oguttu, bwana mkubwa wa magendo ya kahawa.

"Leo madaktari wangu wa uongo nachanja askari wa mpaka," Oguttu alisema. "Wote nalala kama magogo. Malori yangu napita. Nachanjwa wapi? Hiyo uliza malaika."

Etyang alihitaji jibu hilo tu. Bila jibu, askari wasingelala; wangekufa macho wazi, pumzi imekatika.

Oguttu akamimina chupa ya kurare, sumu ya kulegeza misuli, ile ile ya sindano za madaktari wake, katika chungu cha ajono, pombe ya wimbi. Akamwekea Etyang mrija mdomoni.

"Mbona hunichomi sindano?"

"Mimi mtu wa heshima, bwana. Mgeni hapa nakufa na pombe."

Etyang akavuta. Akavuta tena, kama mtu wa harusini.

Tusimame hapa kwa heshima ya sayansi. Neva ikitaka msuli ufanye kazi, humwaga kemikali kidogo. Kemikali hiyo hufungua vilango vya msuli, chembe za sodiamu zenye umeme huingia, msuli hujikunja. Kurare huziba mahali pa kubishia hodi. Lakini lazima ipite damuni. Tumboni ni kama maji machungu tu.

Aliyemuuzia Oguttu alisahau kumwambia hilo.

Kope za Etyang zikashuka. Shingo ikalegea. Vidole vikafuata.

"Amekwisha," Oguttu alisema, akaanza kumfungua. "Kamba nzuri ya katani haizikwi na mtu."

Kosa.

Goti likamzamia tumboni. Webley ikabadili mikono.

"Sasa mwenyeji aonje."

"Hapana, afande! Nakuomba!"

"Vuta."

Oguttu akavuta. Mara akaanguka chali.

"Miguu yangu nakufa! Pumzi nakwisha!"

Hakuna kilichokufa ila ujasiri.

"Dawa ninayo. Wanachanjwa wapi?"

"Nyuma ya soko la Buteba! Nipe, baba!"

Etyang akatoa mfukoni kopo la Kiwi, rangi ya viatu, lililoficha redio, akawaita wenzake.

"Mwamba, soko la Buteba, nyuma. Kamata madaktari."

Dakika zikapita. Oguttu akalia.

"Tumewakamata," redio ikakoroma. "Hakuna aliyechomwa."

Etyang akampa Oguttu Aspro moja, kidonge cha maumivu ya kichwa. Oguttu akameza, akasimama, akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa.

Pingu zikalia kwa sauti ndogo.

Etyang akamfungia ndani, akakung'uta pamba kwenye suti, akaelekea barabara ya Tororo akipiga mluzi.