Kompyuta ya Kijivu Isiyopata Moto

Nesi alitoka zamu ya usiku, akafungua mlango wa nyumba yake, akakanyaga maji. Halikuwa tone la kikombe kilichopinduka. Lilikuwa dimbwi jembamba chini ya meza ya kulia, baridi kupita kiasi, lenye utando wa tope jeusi pembeni. Mvua haikuwa imenyesha kitambo, na bomba lilikuwa jikoni.

"Nani kamwaga maji hapa?" Sauti yake ilikuwa imeshapanda.

"Si mimi," alijibu binti yao mdogo, ambaye kila mtu alimwita Kitinda.

"Wala si mimi," alisema mumewe bila kuinua uso.

"Basi nimeyamwaga mimi, nikiwa kazini nazalisha wake za watu!"

Alichukua tambara akapiga magoti na sare yake ileile, akafuta huku akisonya. Juu ya kichwa chake, mezani, kulikuwa na kompyuta tatu. Mumewe alikuwa na ukurasa gazetini wa kuwaambia watu wanunue nini na waache nini, na kwa ajili hiyo mtaa mzima ulimwita Mpimaji. Alikwisha kupima pasi, majokofu na feni; sasa ilikuwa zamu ya kompyuta.

Ya kwanza, nyeusi, ilitoka kampuni yenye jina kubwa, lakini bawaba zake zilianza kulia kama mlango wa stoo, na alipopiga simu ya huduma kwa wateja aliwekewa muziki mpaka sikio likamuuma. Ya pili, ya rangi ya fedha, ilikuwa maridadi kama bibi harusi, ila ukiipakata kidogo tu mapaja yanaungua. Huko nako walimwambia aizime aiwashe, wakamkatia. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, chapa ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, inayoletwa na mwagizaji mmoja mwenye duka la vioo katikati ya mji.

"Hii ndiyo mashine, mke wangu," alisema Mpimaji akiipapasa ile ya kijivu. "Nimeiangusha kutoka juu ya kabati, haina hata mchubuko. Betri haishuki. Haipati moto. Na simu yao nikiipiga, inapokelewa kabla haijaita."

"Nani anapokea simu kabla haijaita?"

"Watu wanaojua kazi yao."

Nesi alikamua tambara. "Na hiyo harufu?"

"Harufu gani?"

Ilikuwa harufu ya matope ya chini kabisa, ya majani yaliyooza na chuma kilicholala majini. Nesi alipeleka mkono kwenye kifuniko. Alikuwa ameshika watu wengi waliokwisha kuaga dunia, na kiganja chake kiliujua ubaridi ule kabla akili haijakubali.

"Irudishe," alisema.

"Wasomaji wananingoja."

"Nimesema irudishe!"

Hakuirudisha.

Mchana huo, Nesi alishtushwa usingizini na sauti ya Kitinda akiita, "Wee-ee!" Kisha kimya. Kisha tena, "Wee-ee!" Alitoka chumbani akiwa bado na usingizi, akamkuta mtoto amepiga magoti juu ya kiti, kompyuta ya kijivu imelazwa wazi mezani, naye ameiinamia, nywele zikigusa skrini.

"Unafanya nini wewe?"

"Mama, ina kina," alinong'ona Kitinda. "Kuna mtu chini. Nikimwita anaitika, ila anachelewa."

Nesi alifungua kinywa amkemee. Ndipo kutoka ndani ya ile mashine, polepole, kama kitu kinachopanda kwa kukwea kuta, ikaja sauti: "Wee-ee." Haikuwa sauti ya mtoto. Ilikuwa nzito, ya zamani, sauti ya mtu aliyekandamizwa shingo.

"Anasema tumtolee vyuma mgongoni," Kitinda alieleza.

Nesi alimnyakua mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akakibamiza kifuniko. Mpimaji alitoka bafuni mbio na taulo kiunoni.

"Utaivunja!"

"Nipe namba yao. Nipe sasa hivi!"

Alipiga, akaweka spika. Kweli, haikuita.

"Karibu huduma kwa wateja," ilisema sauti laini. "Habari ya zamu ya usiku, mama Kitinda? Mashine ina tatizo gani?"

Nesi alimtazama mumewe. Mpimaji alitikisa kichwa: hakuwahi kuwatajia mtu yeyote wa nyumba ile.

"Inanuka," alisema Nesi, hasira ikimshikilia asitetemeke. "Inanuka kisima."

Upande wa pili maji yalidondoka. Tone. Tone.

"Ndiyo," ilisema ile sauti, na ulaini wake ukaanza kuchubuka kama rangi ya ukutani. "Ni kisima. Nyinyi mkipiga mnapokelewa. Mbona mimi nikiita, hakuna anayepokea?"

Mpimaji alimpora simu akakata. "Vijana wa ofisini wanafanya mzaha," alisema, lakini midomo yake ilikuwa imekauka. "Mashine ni mashine. Mimi naandika nilichopima."

Na akaandika. Gazeti lilipotoka, ya kijivu ilikuwa ya kwanza kwa kudumu, ya kwanza kwa uimara wa umbo, ya kwanza kwa kuwahudumia wateja. Nesi alilisoma kliniki, wakunga wenzake wakimpongeza kwa kuolewa na mtu mwenye akili. Damu ilimchemka. Alimwomba mwenzake amshikie zamu, akaenda nyumbani kumwambia mumewe maneno ambayo alikuwa ameyapanga njia nzima.

Hakuyasema hata moja. Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu akausukuma kwa bega, na maji yakamjia kwa kasi miguuni, meusi, yakibeba ndala za mtoto na kurasa za gazeti, na ndani mchana ulikuwa umekuwa hafifu kama mchana unavyoonekana na mtu aliye shimoni, na juu ya kabati Kitinda alikuwa amejikunyata ameziba masikio, na mezani Mpimaji alikuwa ameketi wima mbele ya kompyuta ya kijivu, mikono yake imezama ndani ya skrini hadi kwenye viwiko, akivuta kitu, akivuta bila kuchoka, na kila alipopumua maji ya tope yalimtoka puani na kinywani yakamchirizika kifuani, wala hakukohoa.

"Baba Kitinda!"

Aligeuza kichwa. Macho yalikuwa yake. Sauti haikuwa yake.

"Vizito," ilisema. "Vizito mno."

Nesi alimshusha mtoto, akamkimbiza kwa jirani, akarudi na mpunga pepo.

Huyu alikuwa mama mnene mwenye miwani, asiyependa maneno mengi; aliwahi kujifungua mikononi mwa Nesi, na hilo lilimfanya aje bila kuuliza. Alisimama ndani ya maji, akawasha ubani kwenye kikaango cha Nesi, akamzungushia Mpimaji moshi.

"Wewe uliyempanda mtoto wa watu," alisema kwa sauti ya chini, "u nani, umetoka wapi, unataka nini?"

"Mimi ni mwenye kisima," ilijibu sauti kupitia kinywa kile kilichofurika. "Nyuma ya ghala la mwagizaji. Nilikuwepo kabla ya ghala. Akaniletea malori ya mashine zilizokufa akanitupia mgongoni, akanifunika zege. Akaona hasara, akafukua zingine, akanifunika tena, akazivika maganda mapya, akaziuza. Nikapanda nazo. Mnazisifu hazizimi! Zimekufa. Ninayewaka humo ni mimi."

Mpunga pepo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akamwagia ubani maji.

"Unafanya nini?" Nesi alifoka. "Mtoe!"

"Simtoi."

"Mume wangu anakufa hapa!"

"Shoga, sikiliza. Wako majini wa shari, hao nawafukuza kama mbwa. Huyu kaonewa. Ukimfukuza mwenye haki, unakuwa mmoja wa waliomdhulumu, na atarudi na ndugu zake. Zungumza naye."

Nesi alisogea hadi uso wake ukawa karibu na ule uso unaotiririka. Alikuwa na hofu, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu, na kwa mara ya kwanza siku zile ilikuwa imepata wa kumwendea.

"Nitakufunulia kisima chako," alisema. "Leo hii. Lakini huyu ni mume wangu, mjinga wangu mwenyewe. Ukimuua, nakutilia zege la pili kwa mikono yangu."



"Nenda," ilisema sauti, na skrini ikaiachia mikono ya Mpimaji.

Alimwacha mumewe na mpunga pepo, akaenda na kompyuta ile kwapani, ikimgandisha mbavu. Duka la vioo lilikuwa limefurika wateja, wengi wameshika ule ukurasa wa gazeti. Mwagizaji alikuwa nyuma ya kaunta, suti imemkaa vizuri, tabasamu limemkaa vizuri zaidi.

"Mama, kama kuna tatizo, piga huduma kwa wateja."

"Kisima kilicho nyuma ya ghala lako. Kifungue."

Tabasamu halikuanguka, lilihama tu upande. "Kisima gani? Mlinzi, mtoe huyu mama, amechanganyikiwa."

"Nimechanganyikiwa?" Nesi aliibwaga kompyuta kwenye kaunta ikalia kama jiwe, akatoa simu, akapiga ile namba, akaweka spika, akaiinua juu watu wote wasikie.

"Tajiri," ilisema sauti, bila ulaini wowote sasa. "Leo nimekupata."

Na kompyuta za kijivu zilizopangwa rafu kwa rafu zikafunguka zenyewe, moja baada ya nyingine, kama midomo, na kutoka kwenye kibodi zake yakaanza kububujika maji meusi yenye majani, yakishuka kwenye vioo, yakiingia kwenye viatu vya wateja ambao sasa walikuwa wakikanyagana mlangoni, huku Mwagizaji akirudi nyuma hadi ukutani, na ukuta nao ukiwa umelowa.

"Nafungua!" alipiga kelele. "Nafungua, jamani, nafungua!"

Mafundi walivunja zege jua likiwa bado juu. Nesi alisimama palepale na sare yake, mikono kiunoni, hakuketi. Walitoa makopo ya mashine, skrini zilizopasuka, nyaya, betri zilizovimba. Rundo likapita kimo cha mtu. Kipande cha mwisho kilipotoka, kisima kilishusha pumzi, pumzi ndefu ambayo kila mtu aliisikia, na maji yakapanda safi kabisa.

Simu ya Nesi iliita. Alikuwa mpunga pepo. "Amekohoa," alisema. "Anauliza kwa nini amelowa."

Nesi alilia kidogo, kisha akapangusa uso, na alipogeuka akaona mafundi wanapakia rundo lile kwenye lori.

"Mnazipeleka wapi?"

"Zikauke," alijibu Mwagizaji. Rangi ilikuwa imemrudia. "Maganda ninayo. Mama, umeshampata mumeo, nenda zako. Na nyie, nendeni mkale, nitazilinda mwenyewe."

"Huna haya?"

"Haya hailipi kodi ya duka."

Nesi alimtemea mate miguuni, akaondoka.

Jioni ile kila kompyuta ya kijivu mjini ilizimika. Hazikuungua, hazikulia; zilikufa tu, kama zilivyokuwa zimekufa siku zote. Kabla giza halijaingia watu walikuwa wamejaa mlangoni kwa Mpimaji, kila mmoja na mzoga wake mkononi, wakimtukana. Alitoka amejifunga shuka, bado anatetemeka.

"Niliwadanganya," alisema. "Mke wangu alinionya, nikajifanya najua. Ni mbovu, na nilizisifu."

"Na huyo mwizi aliyetuuzia yuko wapi?"

Fundi mmoja kati ya waliochimba alijipenyeza mbele. Walirudi kutoka kula, alisema, wakakuta lori na mzigo wake, lakini bosi hayupo. Viatu vyake tu, kando ya kisima.

"Kakimbia!" watu walinguruma.

Nesi naye aliamini hivyo, na hasira ilimrudia yote kwa pamoja. Alitoa simu akapiga ile namba.

Haikuita.

"Karibu huduma kwa wateja," alisema Mwagizaji. Maneno yake yalikuja yakibubujika. "Naomba radhi kwa usumbufu."

"Uko wapi wewe?"

"Naomba radhi, mama. Naomba radhi." Kisha kwa mnong'ono, kama mtu anayeogopa kusikiwa na mkubwa wake: "Usikate. Nakuomba, usikate. Nikikatiwa, ananivuta chini."

Nesi alisimama na simu sikioni. Mlangoni watu walikuwa wakimtazama uso.

"Amepokea?" aliuliza mama mmoja aliyebeba kompyuta yake kama mtoto aliyekufa. "Nataka nizungumze naye. Namba ni ipi?"

"Toeni simu zenu," alisema Nesi, na akawasomea, tarakimu moja moja, polepole, mpaka wa nyuma kabisa nao wakaipata.