Solo Iliyokataa Kurudi Nyumbani

Mvua iliyonyesha sokoni Nyawera mchana ule si ya kusimuliwa na mtu mwenye haya. Ilishuka kwa hasira mpaka, wanasema, vitunguu viliota majani ndani ya vikapu vya wachuuzi, na fundi mmoja wa viatu akachukuliwa na maji hadi Kamembe, upande wa Rwanda, akaonekana huko amekaa juu ya kigoda chake, angali anashona. Habari za fundi tuziache. Lililo hakika ni kwamba soko zima lilikimbilia chini ya bati la Donatien, mtengeneza redio, likabanana humo kama sambaza, dagaa wa ziwani, ndani ya kikapu.

Kati ya sambaza hao alikuwemo Mushagalusa, mpiga gitaa la solo wa orkesta ya hoteli moja ya kando ya ziwa, Ibanda. Alivaa abakosti ya kahawia, suti ya wakati ule isiyo na tai, iliyong'aa viwikoni kwa uzee, na uso wa mtu aliyepiga rumba zilezile, kwa walevi walewale, mpaka vidole vikalala usingizi wavyo vyenyewe. Alikuwa na umri wa kuchoka bila kuulizwa sababu. Asubuhi alikuwa ameanika betri zake juani, juu ya bati, zipate nguvu kidogo kama walivyofanya watu wote wa Kadutu wasio na umeme. Mvua ikamwahi. Sasa alizifuta kwa shati, akazitia katika redio-kaseti yake ambayo Donatien alikuwa amemaliza kuitengeneza, akabonyeza.

Gitaa likaanza kulia. Taratibu, chini, kama mtu apandaye kilima na mzigo kichwani.

"Ule mutu anaogopa nini?"

Sauti ilitoka ubavuni pake. Mushagalusa akageuka. Kati yake na gunia la mihogo alibanwa mwanamke wa kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, libaya, blauzi ya mikono iliyofura, nywele zimefungwa kwa uzi zikasimama kama antena. Matone ya mvua yalikuwa yanashuka antena moja baada ya nyingine, naye hakuyajali. Alikuwa amefumba macho.

"Mutu gani, maman?"

"Mwenye kupiga. Sikiliza. Anazunguka nyumba, anachungulia ku dirisha, anashika mulango, kiisha anakimbia. Noti ya do, njo nyumba yake, iko pale inamungoja, yeye anapita kandokando."

Mushagalusa alikuwa ameisikiliza solo ile miaka. Wenzake wa orkesta walisema ni kelele za mzungu mgonjwa. Hakuna aliyewahi kusema kwamba ndani yake mna nyumba.

"Siyo woga," akasema. "Ni uchovu. Ule muzee ametoka mbali."

"Aa, papa! Mutu mwenye kuchoka njo anaingia mbio. Uchovu haumukataze mutu mulango."

"Mushaga!" Donatien akapiga kelele kutoka nyuma ya rundo la redio. "Umepata professeur! Shika yeye mbele mvua haijaisha!"

Watu wakacheka. Mwanamke akafungua macho, akatabasamu kidogo, kama mtu mwenye tabasamu moja tu la wiki nzima.

"Na ku mwisho," akauliza, "anaingia?"

"Haijulikane. Bande ya kaseti inaishaka mbele aingie."

Kwa kweli hakuna aliyejua lolote juu ya kaseti ile. Mwalimu mmoja Mbelgiji aliiacha alipofunga mizigo yake, na karatasi yenye jina la mpigaji ililiwa na mbuzi wa jirani, mbuzi ambaye, kwa ushuhuda wa mtaa mzima, tangu siku ile hakulia tena kama mbuzi. Ilibaki jaz ya umeme isiyo na mwenyewe, na ndani yake solo ndefu iliyokatika ghafla utepe ulipokwisha. Mushagalusa alimwita mpigaji yule Muzee. Alijifunza kwake kipande kwa kipande, akirudisha utepe kwa kalamu ya biki ili betri zisiishe.

Mwanamke aliitwa Cibalonza. Alifundisha nyimbo katika shule ya masista, Ibanda. Jina lake la ubatizo, Eulalie, lilikuwa limefichwa kama majina mengi ya ubatizo ya wakati ule wa Zaire, serikali ilipoyapiga marufuku. Lilitoka nyumbani tu, kinywani mwa mama yake.

Mvua ilipokatika, wao hawakukatika.

*

Jumamosi zilizofuata Mushagalusa alipanda mpaka Nyalukemba, nyumbani kwa Cibalonza, gitaa mgongoni, redio-kaseti mkononi. Wawili walikaa sebuleni, mlango wazi, chini ya ulinzi wa mama yake Cibalonza, ajuza aliyechagua maharagwe siku nzima na aliyekuwa kiziwi kwa kila sauti isipokuwa ya busu.

Kazi ilikwenda hivi: Mushagalusa anabonyeza, Muzee anasema neno moja, utepe unasimamishwa. Cibalonza analiimba kwa majina ya noti: sol, la, si. Mushagalusa analitafuta kwenye gitaa. Halafu wanaulizana kwa nini.

"Ona," alisema Cibalonza siku moja. "Anasema kitu moja mara tatu, lakini kila mara anavunja neno ya mwisho. Ni kama mutu anataka kuomba musamaha na haya inamushika."

"Na hapa? Hapa hakuna kitu. Kimya."

"Njo pale iko muzuri! Anapumua. Weye haupumuake, Mushaga. Unapiga kama mutu anatwanga majani ya sombe."

"Mu hoteli nikipumua, batu banafikiri umeme umeenda."

Cibalonza akacheka, akaegemea harmonium, kinanda kidogo cha parokia alichokuwa anakitunza pale sebuleni. Akabonyeza noti moja, akakunja uso. "Tena sauti ya gitaa yako iko chini ya harmonium."

"Nilifunga nyuzi zake sawasawa na Muzee. Labda harmonium njo iko juu. Vitu vya kanisa vinapendaka kuwa juu."

"Utaenda mu moto, weye."

"Basi nitapiga kule. Kule hata mapile ya redio haiwezi kukosa joto." Akasita, akashusha sauti. "Eulalie..."

Mkono wa Cibalonza ukasimama juu ya harmonium. "Ile jina ni ya batu ba mu nyumba."

"Na miye niko wapi?"

"Uko ku barza bado."

Akamweleza basi, bila machozi, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la zamani. Kulikuwa na bwana wa forodha. Alikuja miaka, viatu vinang'aa, akamsalimia baba yake Cibalonza, akanywa, akasifu maharagwe, akaenda. Alikuja peke yake kila mara. Hakuleta baba zake wadogo hata siku moja, hakuleta kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi ambayo bila hiyo kwa Bashi, watu wa kabila lao, hakuna neno la ndoa linalotamkwa. Baba akafa akingoja. Bwana wa forodha akaoa Bujumbura.

"Sina hasira," alisema. "Nimechoka tu na batu ba kuzunguka nyumba. Ukiwa wa vile, Mushaga, sema leo. Tutabaki na muziki, na muziki haiko kitu kidogo."

Mushagalusa alitaka kusema neno. Lilifika mpaka kwenye meno. Lakini alijiona: abakosti yenye viwiko vya kioo, nyumba ya Kadutu inayovuja. Akasema, "Tumalize kwanza solo."

Mama mtu akatupa haragwe bovu dirishani.

*

Wazo la shuleni lilikuwa la Cibalonza. Masista walikuwa na mashine kubwa ya kaseti iliyochomekwa ukutani, umeme halisi, spika mbili. Alhamisi mchana, wasichana wameshakwenda, alimwita Mushagalusa kwenye ukumbi wa shule ili wamsikie Muzee vizuri, pengine hata pumzi yake ya mwisho kabla utepe haujakatika.

Akaweka kaseti. Akabonyeza.

Spikani akatoka mtu mwingine. Alitoka anakimbia, juu, mwepesi, gitaa linachekacheka kama watoto waliofunguliwa darasa. Noti zilezile, kwa mpangilio uleule; lakini aliyekuwa anapanda kilima na mzigo sasa alikuwa anakishuka kwa baiskeli, bila breki.

Cibalonza akatazama mashine, akatazama gitaa la Mushagalusa, akaelewa. Kicheko kikampata. Alicheka mpaka kilemba kikaanguka, alicheka ameshika meza, machozi yanatoka, kama mtu ambaye kicheko chake kilikaa kifungoni miaka.

"Mushaga! Muzee haiko muzee! Ni kijana! Redio yako njo ilikuwa imezeeka!"

Ndivyo ilivyokuwa. Mkanda wa ndani wa ile redio Donatien alikuwa ameukata zamani kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, nao ulikuwa mnene na mvivu, ukauzungusha utepe polepole, sauti ikashuka. Ukiongeza betri zilizokufa na kufufuliwa juani kila wiki, Mushagalusa alikuwa amejifunza kwa miaka uchovu wa mpira na betri, akidhani ni uchovu wa mtu.

Hakucheka. Alivaa gitaa lake mgongoni.

"Unaenda wapi? Mushaga! Ngoja, chéri!"

"Nimechoka," akasema, akatoka nje kwenye manyunyu. Kaseti akaiacha mdomoni mwa mashine.

*

Jumamosi moja ikapita, na nyingine. Ndipo simu ya hoteli ilipolia, na mpokezi akamwita Mushagalusa kutoka kwenye mazoezi.

"Allô? Mushaga? Ni miye." Nyuma ya Cibalonza, Soeur Agathe, mkubwa wa shule, alikuwa anafuta vumbi kwenye sanamu ya Mtakatifu Yosefu ambayo haikuwa na vumbi. "Samedi haukukuya."

"Nilichoka."

"Na ile ingine?"

"Nilichoka tena."

"Umekasirika ju nilicheka?"

"Hapana. Kitu ya kuchekesha, batu banacheka."

"Kaseti yako iko huku kwetu."

"Patia Donatien. Sina kazi nayo."

Mushagalusa aliposema hivyo alimaanisha aibu. Alimaanisha: sina uso wa kukuonyesha. Lakini waya wa simu haubebi uso, na Cibalonza alichosikia upande wake ni viatu vya bwana wa forodha vikishuka ngazi.

"Sawa, papa. Kumbe na weye ulikuwa unapita tu kandokando."

"Cibalonza..."

Simu ikakatwa.

Siku zile alipiga rumba vibaya hata walevi wakagundua. Mwishowe, baada ya kukizunguka chombo cha simu asubuhi nzima, alipiga yeye.

"Hapa ni nyumba ya masista, haiko nganda ya pombe," ilijibu sauti kavu ya Soeur Agathe.

"Ma soeur, naomba Maîtresse Cibalonza."

"Iko mu darasa. Tangu uache kukuya anafundisha nyimbo ya Majilio kama nyimbo ya maziko. Batoto banalia. Njo weye Mushagalusa?"

"Njo miye."

"Ulipigaka ku kumunio ya batoto, mwaka ule ingine. Ile ya polepole. Nilifikiri unasali." Akakohoa. "Sasa nimesikiliza kaseti yako. Ule mutu anacheka tu, mwanzo mpaka mwisho. Kama yeye anacheka, ile sala ulitoa wapi?"

Mushagalusa alitazama vidole vyake juu ya chombo cha simu.

"Basi fikiri," alisema Soeur Agathe. "Na simu ni ya shule." Akaweka chini.

*

Jumapili, baada ya misa ya pili, wazee wawili walionekana wakipanda Nyalukemba wakihema, baba zake wadogo Mushagalusa, kutoka Walungu, wamebeba kibuyu cha kasiksi kwa zamu. Walipumzika mara nyingi sana njiani hata watu walisema kibuyu kilifika chepesi kuliko kilivyotoka. Nyuma yao alikuja mwenyewe, abakosti imepigwa pasi mpaka viwiko vikawaka, gitaa mkononi.

Cibalonza aliingia sebuleni na kitenge cheusi chenye maua meupe, akasalimia wazee kwa magoti, akakaa mbali. Macho yake hayakumgusa Mushagalusa. Mama yake Cibalonza hakuinua macho kutoka kwenye maharagwe.

Desturi inataka mposaji anyamaze na wazee waseme kwa mafumbo. Mzee wa kwanza akakohoa. "Siye tuko wapita njia. Tulipoteza ndama..."

"Ndama ile," akadakia wa pili, "ilipita huku, ao labda ilipita kule, hatujue, tulizunguka mulima..."

Mushagalusa aliona uso wa Cibalonza ukichoka, polepole, kama taa inayoishiwa mafuta. Wanazunguka tena. Hata hawa.

Akavunja desturi. Akaweka gitaa kwenye goti, akaanza.

Aliipiga ile solo kama alivyojifunza, chini na taratibu, na mzigo wote kichwani. Alisema neno lake mara tatu akalivunja mara tatu. Alipofika penye kimya, alipumua. Wazee wakadhani amemaliza, wakataka kupiga makofi, mama mtu akawanyamazisha kwa kidole. Akaendelea. Akashika mlango, akauachia. Akafika pale utepe ulipokatika, mahali ambapo hata yule kijana wa spikani hakuwahi kumwonyesha njia.

Haragwe moja lilibaki kati ya vidole vya ajuza.

Mushagalusa akapiga do. Moja tu. Akaiacha ilie mpaka ikaisha yenyewe.

"Amefika," akasema mama, kiziwi wa mtaa, na haragwe likaanguka kwenye sahani.

Cibalonza alikuwa ameshika kingo za kitenge chake kwa mikono miwili.

"Iko chini ya harmonium bado," alisema.

"Ule wa kaseti njo anacheka, Eulalie. Miye njo nilichoka. Nilikuwa naona haya ju ya kitu yangu mwenyewe."

"Umechelewa."

"Njia ilikuwa mulefu."

"Na sasa? Uchovu umeisha?"

Akafikiri. Hakutaka kumdanganya, hata siku ile. "Haujaisha."

Cibalonza akasogea kwenye kiti, akaacha nafasi kando yake.

"Basi ingia," akasema. "Ikala."

Wazee wakafungua kibuyu, kilichobaki ndani yake. Na harmonium ya parokia, wanasema, iliposikia mambo hayo ilishuka nusu sauti usiku uleule, ikakataa kupanda tena. Na tangu hapo Wakatoliki wote wa mtaa ule huimba chini kidogo, na taratibu.