Gazeti la Kufungia Mayai

Asubuhi ya Eldoret ina baridi yake, na Mwihaki aliizoea. Saa kumi na mbili alikuwa tayari amepanga nyanya, vitunguu na mayai kwenye kibanda chake mtaani Huruma. Wateja walimwita Mama Kabura, kwa jina la binti yake wa kwanza. Kibanda kiliegemea ukuta wa duka lenye mlango wa kijani. Duka hilo lilikuwa la Shamsa, ambaye mtaani waliita Mama Guled, na kwa miezi miwili sasa lilikuwa limefungwa kwa kufuli.

Zamani mlango huo ulifunguliwa saa moja kamili. Shamsa alitoka na thamosi nyekundu, ndani yake chai ya maziwa ya ngamia yenye iliki. Wanawake hao wawili walikunywa wakiwa wamesimama, wakimsema kila aliyepita. Jioni Mwihaki aliirudisha thamosi ikiwa na uji wa wimbi. Alilelewa hivyo. Ukiletewa kitu na jirani, chombo chake hukirudishi kitupu.

Sasa thamosi ile ilikaa mezani kwake nyumbani. Alikuwa ameiosha mara nyingi mno. Ilibaki kwake siku mambo yalipoharibika.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Picha iliingia kwenye simu ya Mwihaki. Ilikuwa ukurasa wa kwanza wa gazeti kubwa, na jina la gazeti juu. Kichwa cha habari kilisema: MAZIWA YA NGAMIA YAUA WANNE ELDORET. Chini yake mtu alikuwa ameongeza: "Ni ile duka ya mlango ya green hapo Huruma."

Mwihaki alishika tumbo. Asubuhi hiyo alikuwa amekunywa chai ileile! Bila kufikiri mara mbili, aliituma picha kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa mtaa. Akaandika: "Huyu ni jirani yangu jamani. Mungu atuepushe."

Tumbo lake halikuuma siku hiyo, wala kesho yake. Lakini maneno yalikuwa yameshakwenda. Picha peke yake, pengine watu wangeitilia shaka. Jirani akishasema, nani atabisha? Kufikia saa sita mchana hakuna mtu aliyeingia dukani kwa Shamsa. Jioni mtu alirusha tope mlangoni.

Shamsa naye alikuwa kwenye kundi lile. Alikuja kibandani na simu mkononi.

"Mama Kabura," alisema polepole, "mimi na wewe ni ukuta tu uko katikati. Ulishindwa kubisha mlango uniulize?"

Mwihaki aliangalia vitunguu vyake. Akaanza kuvipanga upya. Siku ya tatu Shamsa alichukua watoto wake, akapanda basi kwenda kwa dadake huko Isiolo.

Wiki iliyofuata redio ilitangaza kwamba maafisa wa afya walipima maziwa yale. Yalikuwa safi. Hakuna mtu aliyekufa. Mwihaki alisikia, akazima redio.

"Hawa waandishi wa habari ni wa kununuliwa," aliwaambia wateja. "Wamepewa kitu kidogo."

Ilikuwa rahisi kusema hivyo. Kama redio ilisema kweli, basi yeye alikuwa amemfanyia nini rafiki yake?

Tangu hapo, kila saa moja asubuhi shingo yake iligeuka yenyewe kutazama mlango wa kijani. Alitamani kusikia ile kufuli ikifunguliwa. Alitamani kicheko cha Shamsa, kile kikubwa kilichowashtua kuku wa jirani. Hata chai ilikuwa haina ladha akinywa peke yake. Hamu hiyo hakumwambia mtu.

Alhamisi moja Wangila alifika na mzigo wake. Mzee huyu aliuza magazeti mapya karibu na soko. Yale ya zamani aliyakusanya maofisini, akamuuzia Mwihaki ya kufungia mayai.

"Mama Guled hajarudi tu?" aliuliza, akitazama duka la Shamsa.

"Hajarudi."

"Na wewe unalia nini?"

"Ni vitunguu, mzee."

Wangila aliangalia meza. Hakuna kitunguu hata kimoja kilichokuwa kimekatwa. Akavuta debe, akaketi. Mwihaki akamweleza yote, kisha akamwonyesha ile picha. Wangila alivaa miwani.

"Hii ni gazeti ya Jumanne hiyo? Mimi niliiuza tangu alfajiri. Ingekuwa na habari kama hii, ingeisha saa moja. Hebu tuangalie."

Walipekua magazeti yaliyokuwa chini ya meza. Wakalipata lenye tarehe ileile. Ukurasa wa kwanza ulizungumzia bei ya mbolea. Ngamia hakuwepo, wala maziwa, wala Eldoret.

"Unaona? Mtu amechukua jina ya gazeti, akatengeneza uongo yake kwa simu," alisema Wangila.

Aliendelea kupekua. Katika gazeti la wiki iliyofuata alipata ukurasa uliochanika. Kichwa cha habari kilikuwa bado kinasomeka: Maziwa ya Ngamia Eldoret Ni Salama. Nusu ya chini haikuwepo. Ilikuwa imekwenda na mayai ya mtu.

Mwihaki aliketi. Ukweli ulikuwa chini ya meza yake wakati wote huo.

"Lakini hata hao wa gazeti hudanganya," alisema, sauti imepungua. "Si waliandika barabara yetu imewekwa lami?"

"Walikosea. Watu wa mtaa wakaenda ofisini kwao, na gazeti ikaandika masahihisho. Pengine hayo pia uliyafungia mayai." Wangila alicheka kidogo, kisha akaacha. "Sikuambii uamini kila kitu. Mimi nauza gazeti miaka ishirini na bado nauliza. Lakini gazeti ikikosea, iko na ofisi, iko na jina ya mwandishi. Utaenda ugonge meza. Hii picha utaigongea nani? Kabla utume, tafuta kama gazeti yenyewe imeandika. Sikiliza kama redio zingine zimesema. Na kama ni mtu unamjua, muulize. Mama Guled alikuwa hapa tu."

"Sasa nifanye nini?"

"Uongo uliituma wapi?"

"Kwa group."

"Basi ukweli pia uitume hapohapo."

"Watanicheka, mzee."

"Wacha wacheke."

Alirekodi sauti yake. "Ni mimi Mama Kabura. Ile picha niliwatumia ilikuwa ya uongo. Nimekunywa hiyo chai miaka sita na sijawahi kuugua. Sikumuuliza Mama Guled. Nisameheni, na yeye anisamehe." Kisha akapiga picha za magazeti yote mawili, akazituma.

Wengine walicheka kweli. Mama mmoja akaandika: "Umelipwa ngapi?"

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yalikuwa yake. Alijibu: "Kuja kibandani uone gazeti na macho yako." Wachache walikuja, wakasoma, wakaondoka.

Shamsa alisikiliza ujumbe ule. Mwihaki aliona alama kwenye simu. Lakini hakujibu, na alipopigiwa hakushika.

Siku ya kumi na mbili, saa moja asubuhi, kufuli ililia. Mwihaki aliangusha yai. Shamsa alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa safari.

"Nimekuja kuchukua thamosi yangu," alisema.

"Ngoja. Siwezi kukupatia ikiwa tupu."

Alikimbia nyumbani, akarudi nayo ikiwa imejaa uji wa moto. Shamsa alimimina kikombe kimoja, akanywa akiwa amesimama.

"Bado naumia, Mama Kabura."

"Najua."

"Maziwa itafika Jumatatu."

"Mimi ndio nitakunywa wa kwanza. Hapa nje, kila mtu akiona."

Na alikunywa. Wateja hawajarudi wote hadi leo, lakini wanaongezeka.

Juzi, mlango wa kijani ukiwa bado haujafunguliwa, picha nyingine iliingia kwenye simu ya Mwihaki. Ilikuwa na jina la redio juu, na ilisema duka lilelile linauza sukari yenye sumu. Mwihaki aliiweka simu chini, kando ya mayai. Akatembea hatua nne, akabisha.

"Mama Guled, fungua," alisema. "Nimekuja kukuuliza."